Mvuke wa Zebaki na Samaki Wetu

Mtu wa visiwani akisikia habari za zebaki, aghalabu husema kwamba hayo ni mambo ya bara, ya machimbo ya dhahabu ya Geita na Chunya, wala hayamhusu yeye ambaye kazi yake ni kuvua na kuchuma karafuu. Tumeyasikia maneno hayo barazani, na tumeyasikia pia katika ofisi ambazo hatukutarajia kuyasikia. Leo twataka kuyapinga. Na ili tuyapinge kwa haki, hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika nchi ya Hispania, mbele ya tanuri la matofali lililopangiwa vyungu.

Huko kusini mwa Hispania upo mji mdogo uitwao Almadén. Msomaji asishangae akiona jina hilo lina sauti anayoijua. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya machimbo, na ndilo neno lile lile ambalo sisi tumelichukua tukasema madini. Hali kadhalika zebaki yetu na azogue ya Wahispania zimetoka katika shina moja la Kiarabu. Mji huo peke yake, tangu zama za Warumi hadi uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa karne hii ya 21, umetoa karibu theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu wamepata kuitumia.

Zebaki haichimbwi ikiwa maji kama wengi wanavyodhani. Matone yake huonekana hapa na pale katika mwamba, lakini sehemu iliyo kubwa imefungamana na salfa katika jiwe jekundu, zito, liitwalo sinaba. Ufundi wote wa kuitoa umo katika mambo mawili. La kwanza ni moto: jiwe likichomwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 600 za sentigredi, salfa hushikana na hewa ikawa moshi mkali wa kukereketa, na zebaki hubaki peke yake. Lakini zebaki huchemka kwa nyuzi 357, na kwa hiyo katika joto la tanuri haiwezi kukaa ikiwa maji. Hutoka ikiwa mvuke, usio rangi wala harufu, umechanganyika na moshi wa kuni. Jambo la pili, ambalo ndilo gumu, ni kuukamata mvuke huo na kuutonesha kabla haujatoroka.

Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, mvuke wa maji hupitishwa katika makonyo ya karafuu, ukachukua mafuta, kisha ukaongozwa katika mabomba yaliyopozwa kwa maji. Humo mvuke hupoa, ukarudi kuwa majimaji, na mafuta yakatengwa. Kanuni ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mvuke wa makonyo ukivuja, hasara ni ya mafuta, na jirani hupata harufu nzuri bila ya kulipa. Mvuke wa zebaki ukivuja, jirani hapati harufu yoyote, na malipo yake huja baadaye.

Kwa karne nyingi watu wa Almadén walikuwa wakiipika sinaba katika vyungu vilivyofunikwa na kuzibwa kwa majivu, vikapangwa juu ya moto. Chungu kikipata ufa, mvuke uliondoka. Mageuzi hayakuanzia kwao. Yalitoka Huancavelica, katika milima ya Peru, ambako watawala wa Kihispania walikuwa na machimbo mengine ya zebaki, waliyoyahitaji kwa ajili ya kusafishia fedha ya Amerika. Huko, mwaka 1633, mtu mmoja aitwaye Lope de Saavedra Barba alibuni tanuri la namna mpya. Mwaka 1646 Juan Alonso de Bustamante akaupeleka ufundi huo Almadén, na tangu hapo tanuri likaitwa la Bustamante. Aliyebuni alisahauliwa, aliyesafirisha akapata jina. Wala si mara ya kwanza katika historia ya ufundi.

Tanuri lenyewe lilikuwa kama mnara mfupi wa matofali. Chini uliwashwa moto wa kuni, juu yake palikuwa na sakafu ya matofali yenye matundu, na juu ya sakafu yakapangwa mawe ya sinaba. Karibu na kilele palikuwa na madirisha, na kutoka katika madirisha hayo zilianza safu za vyungu viitwavyo aludeli, jina ambalo nalo limetoka katika Kiarabu. Aludeli ni chungu cha udongo chenye tumbo pana, kisicho na kitako, kilichokuwa wazi ncha zote mbili. Shingo ya kimoja iliingizwa katika mdomo wa kingine, maungio yakakandikwa, hata ikapatikana mithili ya tasbihi ndefu ya vyungu makumi kadhaa iliyolazwa juu ya uwanja ulioinama. Mvuke ulishuka kwa njia hiyo hadi bondeni, kisha ukapanda upande wa pili kuelekea chumba chenye bomba la moshi. Kila tumbo la chungu liliupokea mvuke, likaupunguzia mwendo na kuupoza kwa hewa ya nje, na zebaki ikatonea chini. Baadhi ya vyungu vilitobolewa tundu dogo tumboni, na humo zebaki ilichuruzika ikaingia katika mfereji.

Twakiri kwamba tumeupenda ufundi huu. Hauna chuma wala pampu. Ni udongo, mteremko na subira. Ulitumika Almadén hadi ndani ya karne ya 20, na Idrija, katika nchi ya Slovenia ya leo, nao waliuiga katika karne ya 18. Wala udongo haukuchaguliwa kwa umaskini tu. Salfa iliyoungua hugeuka asidi ikikutana na unyevu, na asidi hiyo huyala mabomba ya kawaida ya chuma. Hata mafundi wa karne ya 20, waliokuwa na tanuri za kuzunguka na minara ya kuoshea moshi, walisumbuliwa na jambo hilo hilo.

Walisumbuliwa pia na masizi. Zebaki inapotona katika moshi mchafu haiwi ziwa moja linalong'aa. Huwa chembe ndogo mno, kila chembe imevikwa vumbi na lami ya kuni, na chembe hizo hukataa kuungana. Hupatikana tope jeusi zito, ambalo kwa macho huwezi kujua kwamba lina utajiri ndani yake. Tope hilo lilikusanywa, likachanganywa na chokaa, likakorogwa na kulimwa kwa majembe hadi zebaki ikasalimu amri na kuanza kutiririka. Lililobaki lilirudishwa tanurini. Na hapa ndipo tuulizapo: ni nani aliyelilima tope hilo?

Katika Almadén, kwa muda mrefu, walikuwa ni wafungwa na watumwa. Mwaka 1593 mfalme wa Hispania alimtuma Mateo Alemán, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, aende kuwahoji kwa siri wafungwa waliokuwa wakifanya kazi machimboni. Habari za zama hizo zinasimulia watu waliotetemeka viungo vyote, waliotoka udenda, na waliorukwa na akili. Na walioingizwa kufungua matanuri kabla hayajapoa ndio waliopata taabu kubwa zaidi. Huko Huancavelica wenyeji wa milimani walipelekwa kwa zamu za kulazimishwa, na machimbo yale yakajulikana kuwa ni machimbo ya mauti. Warumi, karne nyingi kabla yao, walikwisha jua kwamba kuna hatari: Plinio aliandika juu ya mafundi wa rangi nyekundu ya sinaba waliojifunga vibofu vya wanyama usoni ili wasivute vumbi. Basi haikuwa kwamba hawakujua. Walijua, na kazi ikaendelea, kwa kuwa waliotetemeka hawakuwa ndio walioandika hesabu.

Tumesema ufundi huo ulikuwa mzuri, lakini haukukamata yote, wala haukuweza. Hii ni khulka ya zebaki yenyewe. Hata ikiwa imetulia katika bakuli hutoa mvuke. Hewa yenye joto la nyuzi 20, ikishiba mvuke huo, hubeba kiasi cha miligramu 13 katika kila mita moja ya ujazo. Kwa nyuzi 30, ambayo ni hali yetu ya kila siku hapa visiwani, hubeba karibu miligramu 30. Nchi kadhaa zimeweka mpaka wa miligramu 0.02 au jirani ya hapo kwa hewa ya mahali pa kazi. Mwenye kuelewa hesabu na apige mwenyewe. Baadhi yetu twakumbuka darasani tulipochezea matone ya zebaki kiganjani, tukayapasua na kuyaunganisha, na mwalimu akafurahi kwamba tumeipenda sayansi. Alitutakia heri, lakini hakufunguliwa dirisha hata moja.

Katika Idrija, tangu zebaki ilipogunduliwa mwaka 1490 hadi machimbo yalipofungwa mwaka 1995, zilipatikana zaidi ya tani 100,000 za zebaki. Inakadiriwa kwamba makumi ya maelfu ya tani nyingine zilitoka mwambani lakini hazikuingia chupani. Zilipotea katika moshi, katika masizi na katika mawe yaliyochomwa na kutupwa. Mawe hayo yalimwagwa mtoni. Mto Idrijca huingia katika mto Soča, na Soča huingia baharini katika Ghuba ya Trieste. Wataalamu wanaopima matope ya ghuba hiyo wangali wanaikuta zebaki ya Idrija. Tanuri limezimwa zamani, na mwaka 2012 Idrija na Almadén zikaandikwa pamoja katika urithi wa dunia, watalii wanapiga picha. Na mto ungali unashusha mzigo wake kwa wavuvi.

Sasa turudi nyumbani.

Bara hatuna machimbo ya zebaki, lakini tunao wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao ni wananchi wenye kutafuta riziki kwa jasho. Wao husaga mawe ya mbale kwa makarasha, huosha unga wake katika mialo, kisha huutia zebaki ili iinase dhahabu. Hukamua mchanganyiko huo katika kitambaa, hupata donge la rangi ya fedha ambalo karibu nusu yake ni zebaki, na donge hilo hulichoma. Mara nyingi huchomwa katika sufuria au juu ya koleo, mahali pa wazi, na pengine ndani ya nyumba wanamolala watoto. Dhahabu hubaki. Zebaki huondoka kwa mvuke ule ule wa Almadén, ila hapa hakuna chungu hata kimoja cha kuungoja.

Chombo cha kuungoja kipo, wala si ghali kama matanuri ya Wazungu. Chaitwa ritoti: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalotoka juu likashuka kwa mteremko, likipozwa kwa maji au kwa matambara mabichi. Fundi wa mabomba aweza kukitengeneza kwa vipande vya kawaida, mradi asitumie bomba lililopakwa zinki bila ya kuichoma zinki hiyo kwanza. Mwisho wa bomba huwekwa ukikaribia maji ya bakuli, usizame ndani. Kwani moto ukipungua, hewa iliyomo hunywea, nayo huyavuta maji hadi kwenye kikombe cha moto, na chombo kikaweza kupasuka kwa kishindo. Kikitumiwa vizuri, hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, ambayo mchimbaji aweza kuitumia tena badala ya kununua nyingine.

Kama faida ni hiyo, mbona hakitumiki kila mahali? Wapo maofisa wanaojibu upesi kwamba ni ujinga wa wachimbaji. Sisi hatukubali. Sababu zao zimeandikwa na watafiti katika nchi nyingi, na ni za watu wenye akili. Ritoti huchukua muda, na mchimbaji anadaiwa. Dhahabu hutoka imefifia rangi, ikawa kahawia au kijivu, na mnunuzi hupata kisingizio cha kupunguza bei. Tena, chuma hakionyeshi kilichomo, na mwenye donge hapendi dhahabu yake iingie gizani mbele ya watu asiowaamini. Yalijaribiwa ya kioo ili watu waone, yalivunjika. Mtu anayetaka ritoti itumike basi aanze na bei na uaminifu, kisha ndipo afike kwenye bomba.

Lipo pia jambo la wanunuzi. Dhahabu inayoletwa dukani huwa bado ina zebaki iliyosalia, nayo huchomwa mara ya pili, safari hii katikati ya mji. Tangu mwaka 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini, na hapo ndipo twaona pana njia iliyo rahisi. Soko ni moja, wachimbaji ni maelfu. Kila chumba cha kuyeyushia dhahabu kikiwekewa kofia ya kuvuta mvuke yenye kipozea na kichujio, na mlangoni pakawa na ritoti ya kutumiwa na watu wote mbele ya mwenye mali, tutakuwa tumekamata sehemu kubwa bila ya kumfukuza mtu porini.

Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji wa namna hii zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa donge mahali pa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Tunaunga mkono. Lakini marufuku isiyo na chombo mkononi huupeleka moto usiku, na mvuke haujui saa.

Na jina hilo la Minamata linatuhusu sisi watu wa bahari kuliko wote. Ulikuwa ni mji wa wavuvi nchini Japani. Kiwanda kimoja kilimwaga taka zenye zebaki katika ghuba yao, samaki wakaibeba, paka wakaanza kurukaruka na kufa, na mwaka 1956 maradhi yakatambuliwa rasmi kwa binadamu. Mvuke unaotoroka machimboni hufuata njia ndefu zaidi, lakini mwisho wake ni ule ule. Waweza kukaa hewani miezi mingi ukizunguka dunia, kisha ukashuka kwa mvua. Vijidudu vya matopeni na vya maji yaliyopungukiwa na hewa huigeuza zebaki hiyo kuwa sumu ambayo mwili huinyonya kwa urahisi. Dagaa hupata kidogo, samaki aliyekula dagaa hupata zaidi, na papa na nduaro, walioishi miaka mingi wakila wenzao, hukusanya kuliko wote. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, wanadamu walitoa hewani kiasi cha tani 2,220 za zebaki mwaka 2015, na asilimia 38 kati ya hizo ilitokana na wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani, ikazidi hata makaa ya mawe.

Hatuandiki haya ili mtu aache samaki. Hilo lingekuwa kosa kubwa. Jirani zetu wa Shelisheli wamechunguzwa tangu miaka ya 1980, watoto ambao mama zao walikula samaki karibu kila siku, na wachunguzi hawakuona madhara ya wazi. Katika visiwa vya Faroe, ambako watu walikula pia nyama ya nyangumi wadogo, madhara yalionekana kwa watoto. Basi kisiwa na kisiwa hutofautiana kwa samaki gani anayeliwa na kwa kiasi gani. Mama mjamzito ale dagaa, vibua na changu kwa raha zake. Papa na nduaro awapunguze.

Kwa waheshimiwa wa bandari na forodha tuna jambo moja. Zebaki husafirishwa kwa desturi katika chupa ya chuma, kwa kuwa chuma haikiyeyushi. Chupa hiyo huchukua lita mbili unusu tu, lakini uzito wake wa ndani ni kilo 34 na nusu. Kitu kidogo namna hiyo kinachomshinda hamali kukinyanyua kwa mkono mmoja kisipitishwe kwa jina la vipuri. Marekani na Jumuiya ya Ulaya zimekwisha kataza kuisafirisha nje, na inayozunguka sasa katika nchi zetu aghalabu haina karatasi. Kwa waheshimiwa wa afya tuna mawili. Vipimajoto na mashine za kupimia damu zenye zebaki, ambazo mkataba uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengenezwa na kuingizwa, zikiondolewa wadini zisitupwe jaani wala zisichomwe pamoja na takataka za hospitali, kwani tanuri la hospitali halina aludeli. Na sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki, ambazo nchi wanachama waliamua mwaka 2023 zikome zote ifikapo 2025, zikikamatwa zisiteketezwe kwa moto mbele ya wapiga picha. Moto huo huo ndio uifunguliayo zebaki mlango.

La mwisho ni la maabara. Tangu mwaka 2018 upo mpango wa kimataifa wa viwango vya zebaki katika samaki: miligramu 1.2 kwa kilo ya jodari, 1.6 kwa papa, 1.7 kwa jamii ya nduaro. Twaomba samaki wanaoshushwa katika marikiti zetu wapimwe kwa jina na kwa ukubwa wao, mara kwa mara, na matokeo yabandikwe pale pale sokoni kwa lugha ambayo mvuvi na mama muuza samaki wataisoma. Yakiletwa hapa ofisini, tutayachapa katika ukurasa huu bila ya malipo.